Aliyembatiza Amiel

Shemasi Mkuu alifika Fontalba wiki ya tatu ya Kwaresima akiwa na farasi sita, na kabla hajakaa vizuri kanisani, farasi wale walikuwa wameshamaliza nyasi kavu ambazo kijiji kizima kilikuwa kimewabania ng'ombe tangu Krismasi.

"Farasi wa kanisa hawafungi Kwaresima," alisema mtu mmoja mlangoni, na waliokuwa karibu wakacheka huku wamefunika midomo.

Alazais hakucheka. Alisimama upande wa wanawake, ameegemea nguzo. Zilikuwa zimepita wiki saba tangu ajifungue. Maziwa yalikuwa yameshakauka, ila kila aliposikia kichanga cha mwenzake kikilia, matiti yalimuuma kana kwamba hayajaambiwa. Ng'ambo, upande wa wanaume, alisimama mumewe Ademar, mpasua mbao, kofia mkononi, vumbi la mbao bado limemshika kwenye nyusi.

Ukaguzi ulikuwa na desturi yake. Shemasi Mkuu huchagua wanaume watatu wa kijiji, huwaapisha, kisha huwauliza mbele ya watu: nani anaishi na mwanamke asiye wake, nani alikula nyama Ijumaa, nani hakuungama Pasaka iliyopita. Aliyekula kiapo hana ruhusa ya kuficha. Akiificha dhambi ya jirani, inahamia kwake, na siku ya hukumu ataibeba yeye. Safari hii wa tatu alikuwa Isarn, ambaye nyumba yake na ya Ademar zilitegemea ukuta mmoja.

Isarn alisema habari za mtu na mbuzi wa kuibwa. Alisema habari za wachezaji kamari. Halafu akatazama viatu vyake, na Alazais akaona jasho kwenye shingo yake ingawa kanisa lilikuwa na baridi ya kukata mfupa.

"Kuna jingine?" aliuliza Shemasi Mkuu. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alikuwa akijishika tumbo kama mtu anayeumwa.

"Bwana Shemasi, lipo. Sijui kama ni kosa. Mwezi wa Januari, Ademar alimbatiza mtoto wake mwenyewe."

Kalamu ya karani ilisimama.

"Nisamehe, jirani," Isarn akasema bila kuinua macho. "Nimeapa."

Hakuna aliyekuwa amelificha jambo lile. Usiku wa pili wa uchungu theluji ilikuwa imefika dirishani, na mtoto alipotoka alikuwa na rangi ya chuma. Mkunga, Mama Peironela, alikuwa amesema anakwenda kwake mara moja kuchukua mafuta, akawa hajarudi. Ademar akateka maji ya theluji iliyoyeyuka kwenye bakuli la supu, akammwagia mtoto kichwani mara tatu, akasema maneno ambayo Padri Guilabert huwafundisha wote kila mwaka: Amiel, ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Mtoto akapumua. Akapumua mpaka jua likapanda juu ya mlima, kisha akaacha. Na kwa sababu alibatizwa, alizikwa makaburini, ndani ya ukuta wa kanisa, na jina lake likatajwa kwenye Misa.

Watoto wawili wa kwanza wa Alazais, wa kiume na wa kike, walizaliwa wamekufa. Maji hayakuwahi. Wao walilala nje ya ukuta, karibu na mtaro, mahali panapoota upupu, na hawakuwa na majina.

"Njoo hapa mbele," Shemasi Mkuu alimwambia Ademar. "Mtu anayembatiza mtoto anakuwa mzazi wake wa roho. Mzazi wa roho na mama aliyemzaa mtoto huyo wanakuwa ndugu. Ndugu hawalali kitanda kimoja. Unanielewa?"

"Lakini mimi ndiye baba yake, Bwana Shemasi."

"Hapo ndipo penye taabu."

Watu wakanong'ona. Alazais aliisikia sauti ya mama yake nyuma yake ikitaja jina la Bikira Maria.

"Ngoja nimalize," akasema Shemasi Mkuu. "Sheria ina huruma kuliko watu wanavyodhani. Kama mtoto alikuwa anakufa, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumbatiza, basi baba hana kosa na ndoa yake haiguswi. Neno ni hilo moja tu. Palikuwa na mtu mwingine?"

"Hapakuwa na mtu," akasema Ademar. "Mkunga alikuwa amekwenda kwake."

"Mkunga yuko?"

Wanawake walimpisha Mama Peironela. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye mikono ya kukandia mikate ya kijiji kizima, na katika umati ule kila aliye chini ya umri wa miaka thelathini alikuwa amepokewa duniani na mikono hiyo. Alipita karibu na Alazais bila kumtazama.

"Nilikuwepo," akasema.

Ademar akageuka. "Mama?"

"Nilikuwa mlangoni nakung'uta theluji. Nilipoingia nilinyoosha mikono nipewe mtoto, Ademar akanigeuzia mgongo. Alikuwa kama mtu aliyepandwa na kichaa. Simlaumu."

"Mama Peironela, mimi nilitoka nje kukuita mpaka sauti ikanikauka."

"Huzuni inasahaulisha, mwanangu."

Alazais alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Hakuwepo. Nilikuwa kitandani pale, nikimtazamia. Hakuwepo."

Shemasi Mkuu alimtazama kwa upole. "Mama aliye katika uchungu haoni vizuri. Na mke akitoa ushahidi wa kuokoa ndoa yake, anajipigia ngoma mwenyewe. Siwezi kuupokea." Akajishika tumbo tena. "Kengele ya mchana ikilia tutarudi. Mkunga ataapa juu ya mfupa wa mtakatifu wenu, naye mume ataapa kama alibatiza au hakubatiza. Halafu nitaamua. Sasa tukale."

*

Walikutana nyuma ya kanisa, kwenye kibanda cha kukaushia karanga za miti ya mlimani, zile zinazosagwa unga wa mkate. Ademar alikuwa anatembea hatua nne kwenda, nne kurudi. Kibanda hakikuwa na nafasi zaidi.

"Iko njia," akasema.

"Njia gani?"

"Hukusikia alivyosema mwishoni? Kama nilibatiza au sikubatiza. Nitasema sikubatiza. Nitasema nilimnawisha uso tu, nikamdanganya Padri kwa sababu ya uchungu. Watanichapa. Nitazunguka kanisa pekupeku na mshumaa. Halafu nitarudi nyumbani kwangu, kwa mke wangu."

Alazais alikaa juu ya gunia. "Na Amiel?"

Ademar alirudi kwenye hatua zake nne.

"Watamtoa," akasema Alazais. "Kesho asubuhi mchimba makaburi atakuja na koleo. Watampeleka kule kwenye upupu."

"Wafu hawasikii baridi, Alazais."

"Usiseme hivyo. Usirudie tena kusema hivyo."

"Nisemeje basi? Tumezika watatu. Mimi na wewe ndio tuliobaki. Mimi nataka hawa waliobaki."

"Wale wawili sitawaona milele. Nilimuuliza Padri mara tatu, nikamuuliza kwa namna tatu, kama muuza ng'ombe anayetafuta bei nyingine. Jibu ni lile lile. Asiyebatizwa haoni uso wa Mungu, nami nikifika huko sitawakuta. Huyu mmoja nitamkuta. Ana jina. Nikimwita ataitika."

"Na mimi je?"

"Wewe nakuona hapa."

"Leo unaniona. Kesho je? Keshokutwa?" Aliinama mbele yake, akamshika magoti kwa mikono yote miwili. "Miaka tisa, mke wangu. Unataka niwe kaka yako?"

Alazais aliutazama ule utosi wake, nywele zilizoanza kupungua mapema, na akataka kumwambia: sema, sema sikubatiza, twende nyumbani. Neno lilifika kwenye meno. Alilirudisha kwa nguvu, kama mtu anayemrudisha mbwa ndani.

"Ngoja niende kwa Peironela kwanza," akasema. "Usiseme lolote mpaka nirudi."

*

Peironela alikuwa anakoroga uji mweusi wa karanga za mlimani. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja, na moto ulikuwa katikati.

"Ingia, mwanangu, funga mlango, moshi unarudi."

"Mama, sema kweli. Neno moja tu. Sema ulikwenda nyumbani."

"Kaa."

"Sikai."

Mkunga akaendelea kukoroga. "Nilikuwa macho siku mbili. Kwako usiku mmoja, na kabla yako kwa mke wa mfinyanzi. Nilikuja kuchukua mafuta. Nikasema nikae kitako nivue viatu, soksi zimelowa. Kufumbua macho, jua hilo limetoka. Nilikimbia, Alazais. Kwa umri huu nilikimbia kwenye theluji kama mbuzi. Nikakuta mmeshamfunika."

"Basi ndivyo useme. Kulala si uchawi."

"Padri aliniuliza siku ile ile, pale pale mlangoni: ulikuwepo? Nikasema nilikuwepo. Nilidhani ni neno dogo. Mtoto amebatizwa, anazikwa vizuri, limekwisha. Nilijua wapi mimi sheria za wenye farasi?"

"Sasa unajua."

"Sasa najua." Akaweka mwiko chini. "Tangu nianze kazi hii, nimebatiza kumi na saba ambao Padri hakuwahi kuwafikia. Kumi na saba, wote wakafa. Chumbani nilikuwa mimi na mama, na mama yuko nusu kaburini, hasikii hili wala lile. Shahidi ni nani? Ni mimi. Neno langu peke yake ndilo lililowaingiza ndani ya ukuta. Sasa niende nikamwambie yule mzee kwamba niliapa mbele ya Padri sitamwacha mzazi, nikamwacha nikaenda kulala, kisha nikamdanganya Padri machoni. Ataniuliza nini baada ya hapo?"

Alazais alitazama uji ukitokota.

"Ataniuliza: na wale kumi na saba je? Ulikuwepo, au ulikuwa umelala? Ulimwaga maji, au ulisema tu umemwaga? Na mchimba makaburi atapata kazi ya wiki nzima. Mmoja ni wa dada yako Saurina. Unataka nikamwambie nini Saurina?"

"Mimi naomba wangu tu, Mama. Mume wangu na mtoto wangu."

"Kila mtu anaomba wake tu, mwanangu. Ndiyo maana dunia haitoshi."

"Utaapa juu ya mfupa? Mkono utakukauka."

Peironela aliitazama mikono yake, akaigeuza, kama mtu anayekagua chombo kabla ya kukiazimisha.

"Ukauke," akasema. "Ni wangu."

Alazais alipiga magoti kwenye majivu. Aliomba kwa jina la Mama wa Mungu, aliomba kwa jina la mama yake mzazi, aliahidi kumlimia bustani mpaka afe. Mkunga alilia pamoja naye, akamfuta uso kwa pindo la nguo yake, akampa maji ya kunywa. Lakini hakusema ndiyo. Kengele ya mchana ilipolia, walitoka pamoja, mmoja nyuma ya mwingine, kama watu wanaokwenda mazishini.

*

Kisanduku cha fedha chenye mfupa wa mtakatifu kiliwekwa juu ya kitambaa cheupe. Wazee walisimulia habari za mtu aliyeapa uongo juu yake, mkono ukageuka kijiti siku ile ile. Peironela alipoweka kiganja chake juu ya kifuniko, kanisa lote lilinyamaza mpaka ukasikia farasi wakitafuna nje.

"Nilikuwepo," akasema. "Nilikuwa tayari kumbatiza."

Akautoa mkono. Ulikuwa mkono kama ulivyokuwa. Watu wakashusha pumzi, na Alazais akaona baadhi yao wakimtazama Ademar kwa macho mapya, macho ya kumtilia shaka. Mtakatifu alikuwa amesema.

"Ademar," akaita Shemasi Mkuu. "Weka mkono. Ulimbatiza mtoto huyu, au hukumbatiza?"

Ademar alikwenda. Alazais aliuona mgongo wake, jinsi alivyoweka mabega kama anavyoyaweka anapotaka kuinua gogo zito peke yake, na akajua. Alikuwa amemwambia angoje, lakini hakuwa amemletea neno lolote la kumngojesha.

"Bwana Shemasi," akaanza Ademar, "ukweli ni kwamba siku ile mimi sikumba—"

"Alimbatiza."

Watu wakageuka. Alazais alikuwa ameshatoka kwenye nguzo, amefika katikati ya kanisa, mahali ambapo wanawake hawapiti.

"Nilimsikia," akasema. "Alimwaga maji mara tatu. Alimwita Amiel. Alisema kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Hakuruka neno. Niko tayari kuapa."

"Alazais, nyamaza," akasema Ademar kwa sauti ndogo.

Karani alimwinamia Shemasi Mkuu. "Bwana, asubuhi tulimkataa huyu mwanamke."

"Asubuhi alikuwa anajitetea. Sasa anajiumiza. Shahidi anayejiumiza mwenyewe huaminiwa." Alimtazama Alazais muda mrefu, na huenda alimwonea huruma, alikuwa na uso wa mtu anayeweza. "Unajua unachosema, binti?"

"Najua."

"Njoo uape."

Fedha ya kisanduku ilikuwa ya baridi. Ademar alisimama hatua moja kutoka kwake na alinuka mbao mbichi, harufu aliyolala nayo miaka tisa. Hakumtazama. Kama angemtazama, asingeweza.

Hukumu ilisomwa kwa maneno machache. Mtoto abaki alipo. Ndoa haifunguki, kwa hiyo hakuna hata mmoja wao atakayeoa au kuolewa tena mwenzake akiwa hai. Ila kitanda kimefungwa, na paa pia. Mke arudi kwa mama yake kabla jua halijazama. Wanaweza kusalimiana Jumapili baada ya Misa, kwenye kibaraza cha kanisa, akiwepo mtu wa tatu, na wataitana kaka na dada, ili wasisahau.

Padri Guilabert alifuta macho kwa mkono wa kanzu. Isarn alikuwa ameketi sakafuni, kichwa katikati ya magoti, na mkewe akimpigapiga mgongo kama mtoto aliyepaliwa.

*

Siku ya Pasaka kijiji kizima kilipanga mstari kwenda altareni, wanaume huku, wanawake kule. Hakuna anayebaki nyuma siku hiyo. Hata mlevi, hata mwenye homa hubebwa. Mama Peironela alibaki nyuma.

Alisimama karibu na mlango, mkono wa kulia umezungushiwa kitambaa, na mstari ukampita. Kila aliyempita alimtazama, kisha akaangalia pembeni. Maana yake ilikuwa moja tu, na watoto wadogo waliijua: ameungama, na Padri hakumwondolea dhambi.

Alazais alipokea Mwili wa Bwana ulimini, na alipoinua macho alimwona Padri Guilabert. Padri akayakwepa macho yake. Sasa walikuwa wanne waliojua, na huyu wa nne alikuwa amefungwa mdomo na Mungu mwenyewe. Hata wakimpeleka kwenye moto, hawezi kulisema alilosikia katika kitubio.

Jioni Peironela alibisha mlangoni kwa mama yake Alazais. Alikataa kuingia.

"Mkono hauna kitu," akasema kabla hajaulizwa. "Naufunga kwa sababu naogopa kuutazama." Alikuwa amekonda. "Padri kaniambia kuna milango miwili. Nikamwambie Shemasi Mkuu ukweli, au ninyi wawili niliowadhulumu mnisamehe kwa vinywa vyenu, mniachilie deni. Bila hivyo siondolewi. Na mimi ni mzee, Alazais. Jana usiku kifua kilinibana. Nikifa nimefungwa hivi, unajua ninakwenda wapi."

"Nenda kwa Shemasi Mkuu basi."

"Siwezi."

"Basi ngoja kifua kikubane tena."

Alikuwa hajawahi kumwambia mtu mzima neno kama lile. Peironela alitikisa kichwa taratibu, kama anayekubali bei, akaondoka.

Alazais hakula usiku ule. Alijua kamba iko mikononi mwake. Hakuhitaji kuivuta, angoje tu. Mwanamke yule aliyewaona wengi wakifa aliogopa kufa kuliko wote, na kabla ya mavuno angekwenda mwenyewe kwa Shemasi Mkuu, akitambaa. Na siku ile Alazais angerudi nyumbani kwake, angemkuta Ademar amekaa kwenye benchi anavua viatu, angemwambia chakula kiko tayari. Alisali akiomba jambo hilo. Alisali kwa bidii kuliko alivyowahi kusali, akashangaa jinsi sala inavyoweza kuwa nyeusi.

Asubuhi alimsaidia dada yake Saurina kupanda maharage. Wakapumzika kwenye ukuta wa kanisa, na Saurina, bila kuulizwa na mtu, akasema kwa kinywa kilichojaa mkate:

"Wangu yule angekuwa na miaka sita sasa. Angekuwa anachunga mbuzi. Wakati mwingine nampigia hesabu. Nasema, aa, hata hivyo yuko mahali pazuri kuliko kuchunga mbuzi wa baba yake, wana pembe mbaya wale." Akacheka, akafuta makombo kwenye sketi. "Usinitazame hivyo. Wewe nawe si una wako humo humo?"

Alazais alisema ndiyo, ninaye.

*

Jumapili baada ya Misa alimngojea Ademar kibarazani. Mama yake alisimama kando kama shahidi, akiangalia upande mwingine.

"Semeni haraka," akasema. "Maharage yangu yako motoni."

Ademar alikuwa amefuga ndevu. Shati lilikosa kifungo, na Alazais alijua kifungo kile kiko wapi, kwenye kikombe juu ya rafu, upande wa kushoto.

"Hujambo, dada," akasema Ademar. Alilitamka neno lile kama mtu anayetema jiwe alilolikuta kwenye mkate.

"Sijambo. Nimekuja kukuomba kitu."

"Omba."

Alimweleza yote, ya kitubio na ya milango miwili. Ademar alisikiliza, na Alazais aliuona uso wake ukifunguka, ukapata nuru ambayo hakuiona tangu Januari.

"Basi tumeshinda," akasema Ademar. "Atakwenda tu. Atakwenda kabla ya majira ya joto. Hatuhitaji hata kunyoosha kidole."

"Nataka tumsamehe."

Nuru ile ikakaa kidogo usoni, haijajua kwamba imeambiwa iondoke.

"Unasemaje?"

"Wako kumi na saba, Ademar. Akisema, watawachimba. Mimi nilitoa nyumba yangu kwa ajili ya mmoja. Nitamtazamaje Saurina? Nitawatazamaje wale wengine?"

"Pengine hawatachimbwa. Pengine yule mzee atawahurumia."

"Pengine. Uko tayari kuweka kumi na saba juu ya pengine?"

Ademar aligeuka akashika nguzo ya kibaraza. Ilikuwa kazi yake mwenyewe. Aliichonga yeye mwaka waliooana. Watu walipita wakienda majumbani, wakawasalimia kwa vichwa, wakaharakisha. Mama yake Alazais alikuwa ameacha kuangalia upande mwingine.

"Mara ya kwanza hukuniuliza," akasema Ademar mwishowe. "Ulisimama katikati ya kanisa ukanikata neno mdomoni."

"Leo nakuuliza."

"Leo unaniuliza." Alicheka kidogo, bila furaha. "Na nikikataa?"

"Ukikataa nitarudi nyumbani kwako akishakwenda kusema. Nitakupikia. Nitalala pembeni yako. Na kila nitakapopita kwenye ukuta huu nitafumba macho."

Akafikiri. Mpasua mbao ni mtu wa kufikiri polepole. Anajua gogo likishapasuka haliungwi. Alivaa kofia, akaivua, kwa sababu bado walikuwa chini ya paa la kanisa.

"Mwambie Peironela nimemsamehe," akasema. "Mwambie akaondolewe, alale usingizi wake."

"Mungu akubariki, ka—"

"Yeye nimemsamehe," akasema Ademar. "Wewe, bado."

Alishuka ngazi, akachukua njia ya juu, ile inayopita msituni, ingawa nyumba yake ilikuwa njia ya chini. Alazais alisimama mpaka mama yake alipomshika mkono.

"Twende, mwanangu."

"Nakuja," akasema, na hakwenda nyumbani, akaenda kwa Peironela kumpelekea salamu ile, kwa sababu kifua cha mzee hakina ahadi, na Jumapili ilikuwa bado haijaisha.